Filamu Iliyozaliwa na Runinga

Ubishi umerudi tena vijiweni mwa wanafunzi wa fasihi: tamthilia za runinga na filamu, zipi bora? Wengi wanaipa runinga. Sisi tunaona swali limeulizwa kwa pupa, maana hapa Tanzania historia ya vitu hivi viwili ilikwenda kinyumenyume.

Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973. Bara ilingoja hadi 1994. Kabla ya hapo sinema ilikuwa jumba: Avalon, Empire na Empress pale Dar es Salaam, na filamu za Kihindi ambazo watu walizifuata hata kama lugha hawaijui. Filamu zetu wenyewe zilikuwa za kuhesabu, nyingi za serikali, za kuhubiri maendeleo. Mfano ni Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970.

Basi runinga ilipofika Bara, nani aigize? Wakaja watu wa jukwaani. Kundi la Kaole likawa linaonekana ITV, na ufundi wake ulikuwa wa kipindi: kisa kinakatwa pale roho inapokuwa juu, ili urudi tena. Humo ndimo walimopitia kina Steven Kanumba na Vincent Kigosi kabla ya kuvuma katika filamu za video zilizoshamiri baada ya Girlfriend (2003). Kwa hiyo filamu hizo zilirithi mkono wa runinga, na mkono huo haukuwafaa.

Hadithi moja ilikatwa ikauzwa mara mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Ili itoshe, mtu anashuka garini, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha hodi, na mtazamaji kakaa tu anamsubiri! Katika tamthilia ndefu kama Huba, urefu una kazi yake: unamwona mtu akiharibika polepole. Katika filamu, urefu ule ni hesabu ya msambazaji.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) ilikataa mchezo huo. Riwaya ya Adam Shafi ingeweza kuvutwa hata vipindi hamsini. Mwongozaji kachagua mapenzi ya Yasmin na Denge, mengine mengi kayaacha, na picha kaziachia zizungumze. Wapo wanaonung'unika kwamba riwaya imepunjwa. Imepunjwa kweli, na ndiyo maana ikawa filamu.

Ila ya jumba inataka jumba. Avalon na wenzake hawapo tena, na mwanafunzi wa leo ataiangalia simuni, akiisimamisha kila ujumbe unapoingia, amalizie kesho.