Kujaribu si Kubahatisha: Hoja Kuhusu Mantiki ya Sudoku Ngumu

Wapenzi wa sudoku wana mwiko mmoja: usijaribu. Ukikwama, tafuta mbinu. Ukiandika 4 kwa penseli ili uone itakufikisha wapi, wanakuhesabu kuwa umeiacha mantiki na kuingia kwenye bahati nasibu. Kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoanza kulichapisha fumbo hili mwaka 1984, miaka mitano baada ya lile la Mmarekani Howard Garns kutokea jaridani Marekani, ilijijengea jina kwa mafumbo ya kutungwa kwa mkono yasiyomlazimu mtu kukisia. Denis Berthier, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu mantiki ya sudoku, aliuvika mwiko huo joho la nadharia: kanuni ni kanuni, kujaribu ni utaratibu tu. Makala hii inashikilia kwamba mpaka huo umechorwa pasipo pake.

Suala hili lina uzito hata mbali na Japani. Mfumo wa mtaala wa umilisi uliotolewa Kenya mwaka 2017 unataja umilisi saba wa kimsingi, mmojawapo ukiwa uwazaji wa kina na utatuzi wa matatizo. Mwalimu wa hesabu wa Kasikeu, kaunti ya Makueni, anayetaka kuupima umilisi huo atapata mengi katika sudoku. Haihitaji kompyuta wala umeme, na daftari la hesabu lenye miraba limekwisha kumchorea mwanafunzi nusu ya kazi. Kazi ni kusahihisha. Je, aliyejaribu 4, akagonga mwamba, akarudi nyuma, apewe alama au akatwe?

Kuhusu mbinu za mwanzo hakuna ugomvi. Chumba kilichobakiwa na tarakimu moja tu hujazwa kwa tarakimu hiyo, basi. Ubishi huanza kwenye mafumbo magumu, na hapo mfano mmoja unatosha kuonyesha kasoro ya mwiko.

Tuchukue mbinu ambayo wachezaji duniani huiita X-Wing. Tuseme katika mstari wa 2, tarakimu 7 inaweza kukaa kwenye safu ya 3 au ya 8 tu. Katika mstari wa 6 hali ni hiyo hiyo: safu ya 3 au ya 8. Mchezaji stadi hufuta 7 katika vyumba vingine vyote vya safu hizo mbili, na hakuna anayemlaumu. Lakini ana haki gani ya kufuta? Muulize athibitishe, umsikie. Atasema: chukulia 7 imekaa mstari wa 9, safu ya 3. Basi mstari wa 2 hauwezi tena kuiweka 7 safu ya 3. Itakwenda safu ya 8. Mstari wa 6 nao utalazimika kuipeleka safu ya 8. Safu moja imepata 7 mbili, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo dhana ya mwanzo ni batili. Huko ni kujaribu na kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba jaribio limeshafanywa mara moja kwa niaba ya wote, likapewa jina.

Watetezi wa mwiko watajibu kwamba X-Wing ni fupi na inaonekana kwa jicho, ilhali jaribio la kawaida laweza kuburuta vyumba ishirini. Ni kweli, ila urefu ni mzigo wa kumbukumbu, si dosari ya hoja. Mcheza bao la Kiswahili hufuata kete kichwani, shimo hadi shimo, kabla hajagusa chochote. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995 kama suala la mipaka ya akili. Hakuna aliyewahi kuwaambia mabingwa hao kwamba kufuata kete mbali hivyo ni kubahatisha.

Cha kushangaza, baadhi ya wanaoshutumu majaribio hutumia bila haya mbinu ya mstatili wa kipekee. Vyumba vinne vimo katika mistari miwili, safu mbili na maeneo mawili ya tatu kwa tatu. Vitatu vimebakiwa na 4 na 9 tu, cha nne kina 4, 9 na 1. Wao huandika 1 papo hapo, kwa kuwa bila hiyo 4 na 9 zingeweza kubadilishana nafasi na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Hoja hiyo haitoki kwenye gridi hata kidogo. Inategemea ahadi ya mtungaji kwamba jibu ni moja. Mtungaji akiteleza, mbinu nzima inaanguka, na jaribio lililogonga mwamba linabaki limesimama.

Upande wa kujaribu nao una deni lake. Jaribio likishindwa, limethibitisha kitu: tarakimu ile haipo pale. Likifaulu na gridi ikajaa, limeonyesha tu kwamba jibu mojawapo lipo. Matawi mengine hayajaguswa. Anayekisia akapata, akafunga daftari, anaegemea ahadi ile ile ya mtungaji. Bahati inaingia hapo, kwenye kufaulu.

Kama kugonga mwamba si uthibitisho, itabidi tuyatupe matokeo mashuhuri kuliko yote ya fani hii. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walitangaza kwamba hakuna fumbo lenye tarakimu 16 za kuanzia na jibu moja tu. 17 ndicho kima cha chini. Kompyuta ilipekua gridi zote zilizo tofauti kimsingi, moja baada ya nyingine, ikitafuta fumbo la aina hiyo, na kila mara ikagonga mwamba. Hakuna jicho la binadamu lililoona mchoro wowote mzuri humo.

Kwa mwalimu wa Kasikeu, mwongozo wa alama unafuata bila taabu kubwa. Mitihani ya kitaifa ya hisabati tayari hutoa alama za njia mbali na za jibu. Mwanafunzi aandike dhana yake, hatua zake na chumba ulipotokea mgongano, kisha apewe alama zote za njia. Aliyejaza gridi nzima bila kuonyesha lolote apate ya jibu peke yake, hata kama alimaliza wa kwanza.