Sindano Iliyoshinda Sotoka

Mtu akiugua huambiwa, "Fumbua kinywa, unywe dawa," naye hutii. Ng'ombe haambiliki hivyo. Kwa sababu hiyo, mwenye kutibu mifugo hapaswi kuipata dawa tu. Hana budi kujua pia njia ya kuifikisha mwilini. Wafugaji wa Kajiado wazijua njia hizo. Dawa ya minyoo hunyweshwa kwa chupa, na kichwa cha mnyama huinuliwa kwa kadiri, kwani kikiinuliwa mno dawa huweza kuingia mapafuni. Dawa ya kupe hunyunyizwa mwilini, au ng'ombe hupitishwa katika josho. Dawa nyingine hutiwa kwa sindano, ndani ya msuli au chini ya ngozi. Historia ya sindano hiyo katika nchi yetu ni historia ya vita na sotoka.

Sotoka, maradhi ambayo Wamasai waliyaita olodua, yaliingia nchini mwao mnamo mwaka 1890 na 1891, yakitokea upande wa Ethiopia. Ng'ombe walishikwa na homa, wakatokwa na machozi, wakahara na kufa kwa siku chache. Homa ya mapafu ilikuwa imekwisha kuwapunguza, na ndui ikawashika watu wenyewe. Njaa ikafuata. Wamasai huziita nyakati hizo Emutai, yaani maangamizi. Hapakuwa na dawa yoyote ya kuwapa wanyama.

Katika karne ya 20 wataalamu wa Kabete, karibu na Nairobi, walitumia sindano mbili kwa pamoja. Moja ilitia majimaji ya damu ya ng'ombe aliyekwisha kupata kinga. Ya pili ilitia damu yenye ugonjwa wenyewe. Ya kwanza ilimlinda mnyama wakati mwili wake ukijifunza kupigana na ya pili. Wengi waliokoka, lakini wengine walikufa, na damu ile iliweza kuchukua maradhi mengine.

Ndipo huko Muguga Walter Plowright na wenzake walipovidhoofisha virusi vya sotoka kwa kuvikuza mara nyingi katika chembe hai za figo za ndama. Mwaka 1962 yeye na R. D. Ferris walichapisha habari za chanjo hiyo. Sindano moja chini ya ngozi ilimkinga ng'ombe maisha yake yote.

Hata hivyo chanjo ile iliharibiwa upesi na joto, na malisho yalikuwa mbali na barafu. Mnamo mwaka 1990 Jeffrey Mariner na wenzake walipata njia ya kuikausha hata ikaweza kukaa takriban mwezi mmoja nje ya baridi. Basi katika nchi kame kama Karamoja, Uganda, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja.

Adui alikuwa hajaisha. Mwaka 1996 sotoka ilizuka kwa wanyama wa pori katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, inayopakana na uwanda wa Kitengela, ambako wanyama hao walikula majani pamoja na ng'ombe. Tena aina ile ya sotoka ilikuwa nyepesi kwa ng'ombe, ikajificha machoni pa wenyewe. Mara ya mwisho duniani ilionekana kwa nyati wa Meru mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa, nayo ni maradhi ya kwanza ya wanyama kufikia mwisho huo.

Leo dawa nyingi za mifugo huuzwa madukani, na mara nyingi mfugaji hushika sindano mwenyewe. Ajue, basi, kwamba dawa pungufu huzoeza vijidudu, sindano moja kwa kundi zima hueneza maradhi, na maziwa ya mnyama aliyetibiwa hayanywewi mpaka siku zilizoagizwa zipite. Babu zetu walipoteza makundi kwa kukosa dawa. Ni aibu sisi tuyapoteze kwa kutojua kuitia.