Mwamba Hauonekani Kutoka Ofisini

Nilisomea uhandisi wa ujenzi miaka miwili kabla karo haijanishinda. Nilichotoka nacho ni mpangilio wa watu kwenye mjengo: kuna mwenye pesa, kuna anayechora, kuna anayekadiria gharama, halafu mkandarasi anaingia mwisho kabisa, akishashinda tenda. Kila mtu na karatasi yake. Nyumba ya shangazi yangu ilipopasuka ukuta hapa Nairobi, niliziona hizo karatasi zikifanya kazi. Mchoraji alisema fundi hakufuata ramani. Fundi akasema ramani haikujua udongo wa pale. Shangazi alikuwa ameshawalipa wote wawili, na akamlipa wa tatu aje kuziba ufa.

Mpangilio huu hatukuuota sisi. Ulikomaa Uingereza karne ya 19, msanifu alipojitenga na mjenzi, na Kenya ikaurithi pamoja na sheria za kikoloni. Kijijini haukuwahi kushika sana. Fundi wa kijijini ndiye ramani yenyewe: anapima kiwanja kwa hatua, anajenga, na ukuta ukianguka unajua ni mlango gani wa kubisha.

Lakini nyumba inaweza kuvumilia karatasi tatu. Mto wa Ukambani hauwezi.

Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa kishindo masaa machache, yakibeba mchanga, kisha kwisha. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe au zege unaokatiza mto kama huo. Mchanga unajaa nyuma yake, msimu mmoja au kadhaa, na maji yanajificha katikati ya chembe zake. Robo ya ujazo ule, pengine zaidi, huwa ni maji. Jua haliyafikii, mbu hana pa kutaga. Mwezi wa Agosti unachimba kidogo, unakuta maji.

Shida ni kwamba ukuta lazima ukalie mwamba, na mwamba uko chini ya mchanga. Unaweza kudunga chuma hapa na pale upate kisio, ila ukweli unatoka mtaro ukishachimbwa. Upande mmoja mwamba uko karibu, katikati kuna ufa, upande wa pili ni udongo laini unaozidi kurudi nyuma. Basi ukuta urefushwe, ncha zake zizame zaidi kwenye kingo, au mhame mahali kabisa. Kama mchoraji na mjenzi ni watu wawili wenye mikataba miwili, kila badiliko hapo ni barua, na mvua ya Oktoba haisubiri barua. Mkandarasi anajenga kilichochorwa kwa sababu ndicho atakacholipwa. Mafuriko yanakuja, yanazunguka ncha fupi ya ukuta, yanakula kingo, na mto unajitafutia njia mpya. Ukuta unabaki umesimama mzima, hauna kazi.

Serikali ya kikoloni ilijaribu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, idara yake ya kuendeleza ardhi za Waafrika, ALDEV, ilijenga mabwawa Ukambani. Hapo mkubwa alikuwa mmoja, ndiyo, ila gari lake lilirudi Nairobi. Na watu walikuwa na sababu ya kumtilia shaka: mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kupinga kupunguzwa mifugo yao kwa nguvu, akahamishiwa Lamu. Mwethya, ule utaratibu wa majirani kusaidiana shambani, nao uligeuzwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta.

Mwethya ulirudi kwa wenyewe. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni kule Kola, Machakos, enzi ambazo Makueni bado ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Mwaka 1990 shirika la SASOL likaanza Kitui, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Profesa Mutiso, msomi wa siasa, si injinia. (Hili hunifurahisha kwa sababu za kibinafsi.) Kitui peke yake SASOL ilisaidia kujenga zaidi ya mabwawa 500. Wanakijiji wanaleta mawe, mchanga na mikono. Shirika linaleta saruji, chuma na fundi mkuu. Fundi anatembea mtoni na watu wanaojua punda huchimba wapi wakati wa kiangazi, anapima, anachora, anashinda kwenye mtaro. Mwamba ukimdanganya, mchoro unabadilika siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mabwawa hupangwa kwa mfululizo, kama kwenye mto Kiindu, kosa la ukuta wa kwanza linaonwa na macho yaleyale yanayojenga wa pili.

Msidhani nasema mkono mmoja unatosha. Makueni hiyohiyo imekatwa na reli ya SGR, Mtito Andei, Kibwezi hadi Emali. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilifanya upembuzi yakinifu, kisha yenyewe ikapewa kuijenga. Reli ilikamilika, treni zikaanza 2017. Lakini aliyesema reli inafaa ndiye aliyelipwa kuijenga, na kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi: 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria ya ununuzi ilikiukwa, 2023 Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo. Mama wa Kibwezi mwenye swali kuhusu reli abishe wapi?

Mwaka jana mjomba alinipeleka kwenye bwawa la kikundi chao. Ncha ya kushoto ya ukuta ina rangi mbili, zege kuukuu na zege jipya. Mvua ya kwanza ilianza kuzunguka pale, akaniambia. Wakampigia simu fundi, yuleyule. Alikuja na pikipiki Jumatatu, akakaa kimya akiangalia kingo, kisha akasema, "Hapa nilikosea," akaomba jembe.