Kutu kwenye vyuma vya kanoti ya zamani: kipi cha kusafisha, kipi cha kutupa

Kanoti ya fibre, sawa zile zilizotengenezwa Ulaya na Marekani kwa kuvuta watu wa ski juu ya maji, inaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Fibre haishiki kutu. Kinachokufa mbele ni vyuma vyake: fasi ya kufungia kamba, ngazi, bawaba, buloni za mota, na ndoano ya kuvutia. Kwenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, vyuma hivyo vinashikilia maisha ya watu. Kutu inaweza kutoka, lakini chuma kilichokuliwa hakirudi. Kwa hiyo kazi haianze na brashi, inaanza na kupima.

Juu ya nini chuma kinashika kutu?

Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inazaliwa. Maji ya Kivu na Tanganyika hayana chumvi sawa ya bahari, lakini yako na madini mingi kuliko maji ya mvua, na hiyo inaharakisha kazi. Kwa wale wa upande wa Goma, kuko jambo lingine: moshi wa volkano uko na gesi ya salfa. Ikichanganyika na mvua inakuwa asidi, ile ile inayokula mabati ya nyumba.

Jua kwanza ni chuma gani

Tafuta sumaku, hata ya oparleri ya radio iliyokufa. Chuma cha kawaida na chuma cha kupakwa zinki vinashika sumaku kwa nguvu. Inoksi ya boti mara mingi haishiki, ao inashika kidogo tu. Vile vyenye kung'aa kwenye kanoti za zamani mara mingi ni shaba iliyopakwa kromu. Hivyo havitoe kutu nyekundu, vinatoa kijani. Kila aina iko na dawa yake. Ukikosea dawa, unaharibu.

Pima mbele ya kusafisha

Jiulize: kikikatika, mutu anaweza kuanguka, ao mota inaweza kuzama? Kama jibu ni ndiyo, usikitazame kwa juu tu. Fungua buloni moja, uitoshe yote. Hata inoksi inadanganya: kichwa kinang'aa, lakini shingo yake ndani ya fibre, fasi maji yanasimama bila hewa, imeliwa. Choma kutu na turnevisi. Kama inaingia, ama chuma kinatoka vipande vipande, kitupe. Kama shingo ya buloni imekuwa nyembamba, itupe pia. Angalia hata ubao wa nyuma unaoshika buloni, maana ukioza, buloni mpya haisaidie kitu.

Kutu ya juu juu, ambayo chini yake chuma kingali kigumu, njo hiyo unaweza kusafisha.

Namna ya kutosha kutu

1. Piga picha na telefone mbele ya kufungua, ili ukumbuke kila kitu kilikuwa wapi. Buloni iliyokataa, itie mafuta na uiache usiku muzima. Usitumie moto karibu na fibre wala benzini.
2. Osha na sabuni, kiisha sugua na brashi ya waya.
3. Chuma cha kawaida, kilaze ndani ya vinegre masaa 12 mpaka 24. Toa, sugua tena.
4. Suuza, kiisha pitisha ndani ya maji yenye bikarbonati, kijiko kimoja kwa litre moja, ili kuua asidi iliyobaki.
5. Kausha palepale. Chuma kitupu chenye maji kinaweza kushika kutu mpya siku hiyo hiyo.
6. Paka rangi ya kuzuia kutu, kiisha rangi ya juu mara mbili.

Chuma cha zinki usikitie ndani ya vinegre, juu asidi inakula zinki. Kisugue polepole na ukipake rangi yenye zinki. Inoksi usiisugue na brashi ya waya wa chuma: inaacha vumbi la chuma ambalo litashika kutu. Tumia brashi ya nailoni na maji ya ndimu, suuza vizuri. Chuma chenye kromu na madoa ya kutu, kisugue na karatasi ya alumini ya jikoni na maji.

Hatari za kuepuka

Usichanganye vinegre na javel hata kidogo: inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Acha asidi ya batri. Inachoma ngozi na macho. Mashine ya kusugua inatoa cheche, kwa hiyo ondoa benzini yote kwanza. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani: sugua kwa maji, si kavu, vaa maski na miwani, weka watoto mbali. Vumbi lisiende ziwani, fasi watu wanachota maji.

Ili kutu isirudi

Vyuma viwili tofauti vikigusana ndani ya maji, kimoja kinakula kingine. Weka rondeli ya plastiki kati ya inoksi na alumini. Funga kila tundu la buloni na mastiki ya boti, maji yasipite. Mota za nje ziko na kipande kinachoitwa anodi, kinacholiwa kwa fasi ya mota. Usikipake rangi, na ukibadilishe kikibaki nusu. Anodi ya zinki ilitengenezwa kwa bahari. Kwenye ziwa, ile ya magnezi ao ya alumini inafaa zaidi.

Kwa kifupi: bawaba ya kabati inaweza kungoja. Buloni za mota, ngazi na ndoano ya kuvutia haziwezi. Ukiwa na franga kidogo, nunua hizo mpya kwanza, kiisha usafishe zingine.