Jua likiwa Kapsokwony, Neptune iko karibu na Bungoma

LAU jua lingepunguzwa likawa mpira wenye kipenyo cha mita tisa hivi, kimo cha nyumba ya orofa tatu, kisha likawekwa katikati ya mji wa Kapsokwony, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Elgon, dunia yetu ingekuwa chungwa lililo umbali wa kilomita moja kutoka hapo.

Katika mfano huu kila kilomita ya ardhini inasimamia kilomita milioni 150 za angani, ambazo ndizo wastani wa umbali wa dunia kutoka kwa jua. Kwa hesabu kamili wastani huo ni kilomita milioni 149.6. Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, ingekuwa mita 390 tu kutoka kwa jua, na Zuhura mita 720. Mirihi ingefuata baada ya dunia, kwenye kilomita moja na nusu. Mwanafunzi akitembea kwa miguu angezipita sayari hizo nne kabla ya kengele ya mapumziko kulia.

Baada ya hapo safari hubadilika. Mshtarii, yenye upana wa karibu mita moja katika mfano wetu, haionekani hadi kilomita 5.2. Zohali iko kilomita 9.5, yaani mtu akishuka kwa mstari ulionyooka atakuwa ameupita kidogo mji wa Kimilili. Uranus iko kilomita 19, na Neptune kilomita 30, kabla ya kuingia mjini Bungoma. Anayeelekea Kitale naye angeiacha Neptune nyuma kabla ya kufika. Vitabu vingi huzichora sayari zikiwa zimepangwa kwa nafasi sawa kama shanga, na mchoro huo umewapotosha wengi.

Nuru yenyewe, ambayo hakuna kitu kinachoipita kwa kasi, katika kipimo hiki ingekwenda mita mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ingeifikia dunia kwa dakika nane na sekunde 20, na Neptune kwa zaidi ya saa nne. Wanariadha wa Mlima Elgon wangeiacha mbali.

Je, masafa haya yalipimwaje, ilhali hakuna awezaye kunyoosha kamba hadi kwenye jua? Mwaka 1619 Mjerumani Johannes Kepler alionyesha uhusiano uliopo kati ya muda ambao sayari hutumia kulizunguka jua na umbali wake. Hivyo wataalamu wakajua kwamba Mshtarii iko mbali mara 5.2 kuliko dunia, lakini hawakujua hizo ni kilomita ngapi. Walikuwa na ramani isiyo na kipimo.

Mwingereza Edmond Halley alipendekeza mwaka 1716 kwamba Zuhura itumiwe kukipata kipimo hicho inapopita mbele ya jua. Nyoosha mkono, inua kidole gumba, kitazame kwa jicho moja kisha kwa jingine: kidole kitaonekana kuhama. Vivyo hivyo, watazamaji wawili walio mbalimbali duniani huiona Zuhura ikipita kwenye mistari miwili tofauti juu ya uso wa jua, na kutokana na tofauti hiyo umbali huhesabiwa. Halley alifariki mwaka 1742, lakini Zuhura ilipopita mwaka 1761 na 1769, mataifa ya Ulaya yalituma watu pembe nyingi za dunia. Mfaransa Lalande alipata takriban kilomita milioni 153, kosa dogo mno kwa vyombo vya wakati huo. Mawimbi ya rada yaliyorushwa hadi Zuhura mwaka 1961 yalilipunguza shaka hilo likawa karibu si kitu.

Wakazi wa Kapsokwony waliweza kuliona tukio hilo hilo Juni 8, 2004, kuanzia baada ya saa mbili asubuhi hadi karibu saa nane na nusu mchana, kwa wale waliokuwa na miwani maalumu na anga isiyo na mawingu. Juni 6, 2012 waliamka sehemu ya mwisho tu ikiwa imesalia. Zuhura haitapita tena mbele ya jua hadi Desemba 2117.

Liko swali ambalo wanafunzi wa milimani huuliza kwa haki: mbona kilele cha Elgon kina baridi ilhali kiko karibu zaidi na jua? Kilele cha Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Katika mfano wetu urefu huo hautimizi hata upana wa unywele. Baridi hutokana na hewa iliyo nyepesi huko juu, isiyoweza kuhifadhi joto. Hata dunia yenyewe hulikaribia jua kila Januari na kuwa mbali nalo kila Julai, tofauti ikiwa kilomita milioni tano, ilhali ni Januari ambapo Ulaya hufunikwa na theluji.

Pluto, iliyoondolewa katika orodha ya sayari mnamo Agosti 24, 2006 mjini Prague, ingekuwa kwa wastani kilomita 39.5, ng'ambo ya Bungoma. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua ingehitaji barabara ya kilomita 268,000, inayoizunguka dunia zaidi ya mara sita.