Motokaa Kuukuu katika Nchi ya Wahunzi

Mtu wa Chonyonyo akinunua Land Rover iliyolala miaka mingi migombani, akaazimia kuifufua kwa mapenzi tu wala si kwa kuchukulia kahawa, yamkini majirani watasema ametupa fedha. Mimi sisemi hivyo. Karagwe ilijua chuma kabla ya kujua injini. Speke na Grant walipowasili kwa Mfalme Rumanyika mnamo Novemba 1861, walifika katika nchi ya wahunzi, na miongoni mwa vyombo vya ufalme ule vilikuwamo ng'ombe wa chuma na fuawe za heshima. Watu wa hapa hawakungoja motokaa ndipo wajue kwamba chuma chaweza kutunza habari za watu.

Motokaa yenyewe ilikuja kwa taabu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, lakini Bukoba haijafika hata leo. Gari lilivuka ziwa kwa meli, likateremshwa Bukoba, kisha likapanda vilima vya Karagwe kwa njia ya udongo. Kwa njia kama hiyo Land Rover, iliyoanza kuundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, ilipata sifa yake. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua. Haba hiyo imekuwa neema kwa mnunuzi wa leo, maana alumini haipati kutu. Lakini asidanganyike na bodi! Fremu iliyo chini ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani; matope na maji hukaa humo yakaila kwa siri. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu, nayo huliwa. Basi anunuaye na alale chini kwanza, agonge fremu kwa nyundo ndogo, asikilize.

Zikaja siku ngumu. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ikachukua malori na mabasi ya raia ili kupeleka askari vitani. Vita vilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu kuliko dhahabu. Hapo ndipo mafundi wa vijijini walipofanya kazi ambayo wanahistoria hawajaiandika ipasavyo. Walikata mpira wa tairi wakaufanya bushi. Walichonga gasketi kwa karatasi ngumu. Springi ya gari moja ikahamia jingine. Tangu mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye zikamiminika Toyota zilizotumika Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Magari ya zamani yakaachiwa kuku watagie.

Sasa yanatafutwa. Nairobi imekuwa na mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, tangu 1970, na tangu 2003 magari ya zamani hushindana katika Safari Classic, kwa ukumbusho wa Safari ya kwanza ya mwaka 1953. Hayo ni mema. Ila wako wapenzi wa magari ambao hawaridhiki mpaka gari limerudi kama lilivyotoka kiwandani: bamba la fundi hung'olewa, rangi hukwanguliwa, na kila skrubu huagizwa ng'ambo. Hapo sikubaliani nao. Magari yaliyotoka Solihull yakiwa sawasawa ni mengi, na Waingereza wanayatunza vizuri. Lakini gari lililopona miaka ile ya njaa ya vipuri kwa mikono ya Karagwe haliwezi kuundwa upya mahali popote. Ukiling'oa bamba lile umefuta ukurasa ambao haukupigwa chapa.

Sisemi ubovu wote uachwe. Breki si jambo la kuoneana haya, zitiwe mpya. Fremu iliyooza ikatwe, iungwe. Mengine yapigwe picha na kuandikwa kabla ya kuguswa, pamoja na jina la aliyeyafanya na mwaka wake. Mafundi wale wamezeeka, na wengi hawakuweka daftari. Akiwapo mmoja aliye hai, huyo na aendewe kwanza, kabla ya kuandika barua ya kuagiza kipuri Uingereza.