Mzigo wa Juu ya Kichwa na wa Ndani ya Kichwa: Wanawake Wachuuzi wa Gatumba katika Historia

Gatumba iko kwenye bonde la mto Rusizi, takriban kilomita 15 kutoka katikati ya jiji la Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo. Katika maandishi ya miaka ya karibuni jina hili hutajwa zaidi kwa sababu ya mauaji ya tarehe 13 Agosti 2004, ambapo wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 waliuawa kambini. Msiba ule haufai kusahauliwa. Lakini Gatumba ina historia nyingine, isiyo na tarehe moja ya kukumbukwa, nayo ndiyo tunayotaka kuigusa hapa: historia ya wanawake wanaofanya biashara ndogo ndogo kati ya Bujumbura na Uvira, na kazi ya nyumbani wanayoifanya wakiwa mbali na nyumbani.

Mchuuzi aliyejitwika beseni la nyanya anafanya hesabu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza inajulikana: bei ya ng'ambo, thamani ya faranga za Burundi na za Kongo siku hiyo, ushuru, saa ya mpaka kufungwa. Ya pili haionekani. Makaa yatatosha hadi jioni? Yule mdogo aliyeamka na homa amepewa dawa? Karo imebaki kiasi gani? Mchango wa arusi ya shemeji utatoka wapi, na yaya ameambiwa kwamba mchele ni wa Jumapili? Hata anapompata mtu wa kumpikia na kumfulia, kazi ya kukumbuka kwamba kuna kupika na kufua inabaki kwake. Mzigo wa juu ya kichwa atautua sokoni. Wa ndani ya kichwa atarudi nao.

Je, Kiswahili kina jina la mzigo huo? Tunadhani kinalo, ila limewekwa mahali pasipo pake. Neno *wazo* katika umoja ni jambo la heshima: mtu hutoa wazo mkutanoni na likaandikwa. Liweke katika wingi, useme "mama fulani ana mawazo", na msikilizaji ataelewa kwamba ana dhiki, pengine hata anaumwa. Mjini Bujumbura na ng'ambo, Uvira, utasikia "niko na mawazo" kwa maana hiyohiyo. Wanaume nao wana mawazo, hatukatai. Tunachosema ni kwamba lugha imeiingiza kazi ya kupanga, kukumbuka na kutabiri katika daftari la huzuni badala ya daftari la kazi. Mwenye mawazo huambiwa apumzike. Haambiwi, "Nipe nusu."

Daftari la kazi lenyewe lina historia yake. Mji wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897, kisha ukawa mikononi mwa Wabelgiji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walianzisha hapo nyumba ya mafunzo kwa wanawake wa Kiafrika, iliyojulikana kwa Kifaransa kama *foyer social*. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliichunguza katika makala aliyoichapisha mwaka 1990, inayohusu miaka ya 1946 hadi 1960. Wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kutunza watoto, na walimu waliwatembelea majumbani kuona kama mafunzo yanafuatwa. Tukiitazama orodha hiyo ya masomo tunaona jambo moja: kila kilichofundishwa ni kitu kinachoweza kukaguliwa kwa macho. Shati lililopigwa pasi linaonekana, lakini hakuna mkaguzi awezaye kuona ni nani aliyekumbuka kwamba shati hilo litahitajika kesho.

Ofisi ya kodi nayo ilikuwa na macho yake. Wanawake wasio na waume mjini walitozwa kodi yao wenyewe, na katika karatasi za serikali waliitwa wanawake wanaoishi peke yao "kinadharia". Hunt aliliandikia suala hili makala nyingine mwaka 1991. Tunawaomba wenzetu wa isimu walitafakari neno hilo, *kinadharia*, kwa mwanamke mwenye watoto na jamaa wanaomtegemea! Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa mtaa wa Waswahili, Buyenzi, waliipinga kodi hiyo hadharani, wakiona kwamba inawafanya wajane waheshimiwa kuwa sawa na malaya. Kwa maoni yetu, hiyo ni mojawapo ya mara chache ambapo wanawake wa mji huu walibishana na serikali juu ya jina waliloandikwa.

Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini daftari halikubadilika sana. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 bado ilimtaja mume kuwa mkuu wa familia. Kirundi, kwa upande wake, humsifu mke kuwa *umutima w'urugo*, moyo wa nyumba. Ni sifa nzuri, lakini moyo hupiga bila kuulizwa kama umechoka.

Mwaka 2020 hesabu zote mbili za mchuuzi wa Gatumba zilivurugika pamoja. Mwezi Machi mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na ule wa Kongo haukufunguliwa tena hadi Juni 2021. Mwezi Aprili Rusizi ikafurika, nyumba zikajaa maji, na maelfu ya watu wakahamia makambini. Baada ya mafuriko huhesabiwa nyumba, mahema na watu, na ni lazima zihesabiwe. Lakini katika hema ni lazima pia mtu ajue maji safi yatatoka wapi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimefichwa wapi visilowe, na ni nani wa kukopwa mtaji wa kuanzia upya. Kazi hiyo haina safu yake katika fomu.

Huko Ufaransa, mwanasosholojia Monique Haicault aliijadili kazi ya namna hii mwaka 1984, akaiita mzigo wa akili. Mwaka 2017 mchoraji anayejiita Emma akaieneza kwa katuni. Sisi walimu wa Kiswahili tuna kazi ndogo zaidi na iliyo karibu zaidi. Tumezoea kufundisha kitenzi kwa sentensi kama "Mama anapika, baba anasoma gazeti." Mwanafunzi anayetoka Gatumba akiandika "Mama anawaza", tusimsahihishe haraka. Tumuulize mama anawaza nini, na tumpe ukurasa mzima wa kujibu.